Rubani na Mwalimu: Ramani Iliyotoka Mfukoni Ikarudi Mezani

Mwaka juzi nilipanda ndege ya injini moja kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, kwa kazi ya gazeti. Abiria tulikuwa watatu, na mimi nikapewa kiti cha mbele, pembeni ya rubani. Kwenye paja lake alikuwa amefunga kishikwambi kwa mkanda, na kwenye kioo chake kindege kidogo kilikuwa kinatambaa taratibu juu ya ramani. Tukaipita Pugu, tukaipita misitu ya Kisarawe, halafu upande wa kushoto mikorosho ikaanza. Mimi ni mtu wa Vihingo, huku kati ya Kibaha na Kisarawe. Tangu utoto nimezitazama ndege kutoka chini, zikishuka au zikipanda, nikijiuliza zinafuata barabara gani huko juu. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kutazama kutoka juu, na nakiri kwamba sikuweza kuonyesha kwa kidole kijiji nilichokulia. Kishikwambi kilijua tulipo. Mimi mwenyeji sikujua.

Kilichonivutia zaidi ni ule mstari wa safari kwenye ramani. Haukunyooka. Ulikwenda kuelekea Morogoro, ukapinda kuelekea Mikumi, ukapinda tena.

"Kapteni," nikamwuliza, "mbona hatunyooshi?"

"Ukinyoosha kutoka Dar hadi Iringa unakutana na Uluguru, ndugu yangu."

"Sasa hiki kifaa ndicho kilichoukunja?"

Akacheka. "Hiki hakikunji kitu. Nimeukunja mwenyewe jana usiku, mezani, kwenye laptopu. Programu ni hii hii."

Jibu hilo niliondoka nalo na sikuweza kuliacha. Programu iliyotengenezwa ili ikae mfukoni na kumwongoza mtu angani, kwa nini iletwe tena mezani, chumbani, ambako hakuna mtu anayeruka? Nimelitafuta jibu kwenye historia, na njia ikanipeleka mbali kuliko nilivyodhani, mpaka kwenye majahazi.

Tuanze na neno lenyewe. Rubani ni neno la baharini. Tumelipata kutoka Kiarabu, na kabla ya kupanda ndege lilikuwa kazi ya mtu anayeongoza chombo majini. Nahodha naye ni neno la Kiajemi, bwana wa chombo. Lakini katika vyombo vya Bahari ya Hindi alikuwamo mtu wa tatu, na huyu sisi tumemsahau kabisa: muallimu, yaani mwalimu. Ndiye aliyejua nyota, pepo za msimu na umbali wa bandari. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 na kupewa mtu wa kuwavusha hadi India, waandishi wao walimwita "Malemo". Kwa muda mrefu watu walilidhani hilo ni jina lake. Kumbe ni cheo, "mwalimu", kilichopindwa na ulimi wa Kireno.

Hadithi maarufu inasema mtu huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Wanahistoria wengi wameikataa hadithi hiyo. Lakini Ibn Majid mwenyewe alikuwapo, na kwa wapenzi wa fasihi ana jambo la ajabu: sehemu kubwa ya elimu yake ya njia za bahari aliiandika kwa mashairi. Mojawapo, Sufaliyya, linahusu njia za kuja pwani yetu hadi Sofala, iliyoko Msumbiji ya leo. Shairi hukaririwa, na lililokaririwa halilowi maji wala halipeperushwi na upepo. Ukipenda, hiyo ndiyo programu ya kwanza ya kubebeka iliyowahi kuongoza vyombo kuja kwetu.

Na kifaa cha kubebeka kilikuwapo pia, kinaitwa kamal: kibao kidogo chenye uzi katikati, na uzi una mafundo. Unaung'ata uzi kwenye fundo fulani, unakinyoosha kibao mbele ya macho hadi ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari. Nyota ya kaskazini ikikaa sawasawa kwenye ukingo wa juu, uko kwenye mstari wa bandari unayoitafuta. Kila fundo linaweza kuwa bandari yake. Lakini mafundo hayafungwi gizani katikati ya mawimbi. Hufungwa mapema, na mtu aliyekwishapima na kuandika. Katika kitabu chake kikubwa, Ibn Majid aliwagawa walimu wa bahari katika madaraja matatu, na daraja la juu akampa yule ambaye, juu ya kujua kusafirisha chombo, anatunga kazi zitakazowafaa watu hata akiwa amekufa. Yaani mwalimu bora ni yule anayefika mezani.

Basi kwenye jahazi elimu ilianzia nchi kavu, ikafungwa kwenye uzi, ikabebwa. Tulishike hilo tunapohamia kwenye ndege.

Ndege zilipoanza kuvuka Afrika Mashariki, rubani na mwalimu wakawa mtu mmoja. Kiti hakikutosha wawili. Mwanzoni mwa 1920 gazeti la The Times la London lilituma ndege aina ya Vickers Vimy Commercial ijaribu njia ya kutoka Cairo hadi Rasi ya Tumaini Jema. Ndani alikuwamo mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, akiandikia gazeti hilo. Kabla yao, vikosi vya Waingereza vilikuwa vimepita vikifyeka miti na kusawazisha vichuguu ili vipatikane viwanja vya kutua. Ndege ile ilifika Tabora, na hapo ndipo ilipoishia: tarehe 27 Februari iliharibika ikijaribu kuruka. Watu wote walipona. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, hasa mchana wa jua kali. Mabawa na injini vyote huitambua tofauti hiyo. Leo rubani wa ndege ndogo anayekwenda Tabora huifanya hesabu hiyo kabla hajagusa ufunguo: uzito kiasi gani, joto kiasi gani, njia ya kurukia ina urefu gani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kufuata kilichoonekana chini. Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Imperial Airways ilifika Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Cape Town kupitia Dodoma na Mbeya. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa dira iliyolazwa chini: ukiiona, unajua ulipo. Mto nao ni dira, barabara nayo ni dira. Lakini ukungu ukishuka, dira zote hizo huzimika kwa pamoja.

Hapo anaingia mtu ambaye wasomaji wa vitabu vya watoto wanamjua kwa mambo mengine kabisa. Roald Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kama mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell. Vita ilipoanza aliendesha gari hadi Nairobi akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, na huko ndiko alikojifunza kurusha ndege. Tarehe 19 Septemba 1940, kule Misri, aliagizwa aipeleke ndege aina ya Gladiator kwenye kikosi chake kipya, kusini mwa Mersa Matruh, jangwani. Akapewa mahali pa kwenda, akaruka. Alipofika hapo alipoambiwa, hapakuwa na kikosi, hapakuwa na kiwanja, palikuwa na mchanga tu. Akazunguka kutafuta. Jua likashuka, mafuta yakapungua, ikabidi atue palipopatikana. Ndege ikagonga, ikashika moto. Fuvu lake lilivunjika na kwa wiki kadhaa hakuona. Baadaye ilielezwa kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa si penyewe, pako katikati ya majeshi mawili yanayopigana.

Angalieni kosa lilikaa wapi. Dahl hakukosea angani. Aliruka barabara kuelekea mahali pasipo sahihi. Kosa lilifanyika chini, kabla ya injini kuwashwa, na angani hakukuwa na kitu cha kumwonya. Simulizi lake la kwanza la kulipwa, lililotoka Marekani mwaka 1942, lilizaliwa na ajali hiyo, na likapewa kichwa kinachodai kwamba alidunguliwa akiwa Libya. Hakudunguliwa. Lakini nani angenunua simulizi linaloitwa "Nilielekezwa Vibaya"?

Kwa miaka mingi baada ya hapo meza ndiyo iliyotawala. Madaktari wanaoruka, walioanza mwaka 1957 wakati Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoianzisha huduma iliyokuja kuwa AMREF, walitua kwenye viwanja vya nyasi ambavyo mwaka huu vipo na mwaka kesho vimeota vichaka. Ramani ya anga ya kipimo cha moja kwa milioni ilitandazwa mezani. Juu yake kuna rula, kipimapembe, penseli, na kile kikokotoo cha duara cha kupigia hesabu ya upepo. Dar hadi Iringa kwa mstari ulionyooka ni kama maili 210 za baharini. (Ndiyo, ndege bado zinahesabu kwa maili za baharini. Bahari haijatoka humo.) Kwenye ramani hiyo ni sentimita 39 tu.

Lakini ndani ya sentimita hizo 39 kuna mambo. Chukua upepo. Tuseme ni Agosti, kusi inavuma kwa maili 15 kwa saa, na ndege yako inakwenda maili 110 kwa saa. Unaelekea magharibi, upepo unakusukuma ubavuni kuelekea kaskazini. Usipogeuza pua ya ndege kama digrii 8 kuukabili, kila saa unapotea maili 15. Utakapodhani umefika Iringa, utakuwa zaidi ya kilomita 50 kaskazini yake, juu ya vilima usivyovijua. Ni kusi ile ile iliyosukuma majahazi ya babu zetu, na mwalimu wa jahazi asingeshangaa hata kidogo.

Kisha ikaja setilaiti. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotoka kwenye njia yake, ikaingia anga ya Kisovieti, ikadunguliwa. Watu 269 walikufa. Baada ya hapo serikali ya Marekani ilitangaza kwamba mfumo wake wa GPS, uliokuwa wa jeshi, ungefunguliwa kwa raia utakapokamilika. Hata hivyo ishara ya raia ilichafuliwa makusudi isiwe sahihi sana, mpaka Mei 2000 uchafuzi huo ulipozimwa. Ghafla kifaa cha kushika mkononi kikaweza kusema ulipo kwa tofauti ya mita chache.

Ndipo programu za mfukoni zikazaliwa. Watu walizitengeneza kwa ajili ya zile kompyuta ndogo za kiganjani zilizotumia kalamu ya plastiki, kabla simu janja haijaja. XCSoar, iliyolenga ndege zisizo na injini, ilianza kama bidhaa ya kuuzwa; mwaka 2004 mwenyewe akaifungua, yeyote aweze kuisoma na kuirekebisha. PocketFMS ya Uholanzi ilibeba mfuko ndani ya jina lake. Mwaka 2007 ForeFlight ikaanza Marekani, na vishikwambi vilipoenea baada ya 2010, karatasi ikaanza kutoweka kwenye mapaja ya marubani.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Swali lililowaua watu kwa miaka mingi, "niko wapi?", likawa na jibu la papo hapo. Lakini kifaa kilikuja na kitufe kimoja kitamu mno: gusa mahali unapokwenda, mstari ulionyooka unachorwa, fuata. Ukikigusa Dar kwa ajili ya Iringa, mstari unaikata Kisarawe, unavuka Ruvu, unaelekea sehemu ya kusini ya Uluguru, milima yenye vilele vinavyozidi mita 2,600. Kindege kwenye kioo kitakwambia kwa usahihi mkubwa uko wapi, hata pale ambapo hukupaswa kuwapo. Rubani alikuwa amerudishiwa macho. Mwalimu alikuwa hajapewa kiti.

Ndiyo maana watengenezaji wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuzivuta programu zao kurudi mezani. Si kazi ya kukuza picha tu ili ijae kwenye skrini pana. Programu ya angani imeundwa kwa mtu anayetikiswa, jua linampiga usoni, ana mkono mmoja na sekunde mbili. Vitufe ni vinene, vichache, na kila kitu kinaanzia pale alipo. Mezani mambo yanageuka. Kuna kipanya na kibodi, kuna muda, na hakuna setilaiti ya kuifikia. Programu iliyozoea kuuliza "niko wapi?" inakosa jibu, na inabidi ifundishwe kuuliza kitu kingine: "utapita wapi, na ukishindwa utakwenda wapi?" Ukiifungua XCSoar, jambo la kwanza inakuuliza ni kama unaruka kweli au unaiga tu. Ukichagua kuiga, kindege kinakubali kuwekwa popote utakapo. Enroute, programu ya bure iliyotengenezwa na klabu ya urushaji ndege ya Akaflieg Freiburg huko Ujerumani, nayo ilianza kwenye simu kisha ikapata toleo la kompyuta zinazotumia Linux. ForeFlight nayo ilifungua mlango wa kupangia safari kwenye kompyuta.

Faida kubwa ya kutumia programu ile ile pande zote mbili ni hii: data ni moja. Taarifa rasmi za anga duniani hubadilishwa kwa mizunguko ya siku 28, na meza ikiwa na mzunguko huu huku paja lina mzunguko uliopita, umejitengenezea kosa la Dahl kwa mkono wako mwenyewe. Njia uliyoikunja usiku inahifadhiwa kama faili, asubuhi inafunguliwa kwenye kishikwambi ikiwa na mikunjo ile ile. Fundo limefungwa nchi kavu, sasa linabebwa.

Nilitaka kujaribu mwenyewe. Nikaweka programu moja ya bure kwenye laptopu yangu kuukuu, nikaenda nayo Vihingo, nikakaa barazani jioni, kuku wakipita miguuni. Programu ikafunguka na kunitangazia kwamba haijui niko wapi. Nikacheka peke yangu. Basi tumekuwa wawili, maana hata mimi nilipokuwa juu sikujua. Nikachora Dar hadi Iringa. Mara ya kwanza nilinyoosha, na wasifu wa ardhi ukanionyesha mstari wangu ukizama ndani ya mlima. Nikaukunja kupitia Morogoro. Nikajaza kasi, upepo, mafuta. Nikajipongeza, nikampigia yule kapteni simu kumwelezea.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Safi. Na Iringa ukikuta imefunikwa na mawingu, unatua wapi?"

Nikanyamaza.

"Mafuta ya kufika huko umeyahesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Abiria wangu wa kufikirika tulikuwa nao juu ya mawingu, tank inaelekea sifuri, na mimi sina pa kwenda. "Ndiyo uzuri wa meza," akasema. "Umetuua wote na hakuna aliyeumia. Anza upya."

Nikaanza upya. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kusogea, na mmoja, binti wa darasa la sita, alinikazia macho akauliza kama mlima ule wa rangi ya kahawia ndio Uluguru ya kwenye kitabu cha jiografia. Nikamwambia ndio huo. Akataka auzungushe mstari yeye. Nikampisha. Akaupeleka kaskazini, akautazama upande wa chini ambako ardhi inachorwa kama ukuta, akaurudisha kidogo, akatulia ulipopita salama. Halafu akaniuliza swali ambalo mimi, na shahada yangu, sikuwa nimeliuliza: "Sasa akitaka kurudi, upepo si utakuwa unamsukuma upande wa pili?"

Somo la urubani ni ghali. Ndege ni ghali, mafuta ni ghali, saa za kuruka ni ghali, na binti yule huenda asikae kamwe kwenye kile kiti cha mbele nilichokalia mimi. Lakini nusu ya elimu hiyo, ile nusu ya mwalimu, haihitaji ndege wala setilaiti. Inahitaji meza, na programu ambayo mtu fulani ameamua isiuzwe. Zamani nusu hiyo ilifungwa kwenye mashairi na mafundo ya uzi, na aliyetaka kuipata alilazimika kuzaliwa kwenye nyumba ya mabaharia. Sasa imefika barazani Vihingo, kwenye laptopu yenye betri inayokufa kila saa.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu mashuleni. Nililikumbuka hilo usiku ule, betri ilipozima na binti akaitwa kwao kula. Uwanja wa ndege wa Dar nao una jina la Mwalimu. Ndege moja ilipita juu yetu ikishuka kuelekea huko, taa zake zinawaka na kuzima. Nikajua kwamba mahali fulani, jana au leo asubuhi, kuna mtu aliyekaa mezani akaikunja njia yake.